Tufunge Hoteli au Tufungue Dirisha?

Tarehe 17 Juni 2021, Waziri wa Afya wa Kenya wakati huo, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kaunti 13 za Magharibi na eneo la Ziwa zimekuwa kitovu cha korona nchini. Kisii na Nyamira zilikuwa kwenye orodha hiyo. Kafyu ikarudishwa nyuma, ikaanza saa moja jioni na kuisha saa kumi alfajiri, kuanzia siku iliyofuata hadi mwisho wa Julai. Ibada na mikutano ya ana kwa ana ikasimamishwa, mazishi yakapewa saa 72, na masoko yasiyouza chakula wala mifugo yakafungwa kwa siku 30. Kirusi aina ya Delta, ambacho nchini kilitambuliwa kwanza Kisumu mwezi Mei, kilikuwa kimeshapanda milima ya Gusii.

Kafyu iliondolewa kote nchini tarehe 20 Oktoba mwaka huohuo, lakini swali lililoachwa halijaondoka. Kila ugonjwa mpya unapotajwa redioni, iwe ni Ebola ya Uganda au mpox iliyothibitishwa Taveta mwishoni mwa Julai 2024, watu huulizana: sasa tule hotelini au tusile? Hoja zilizozunguka tangu wakati ule nimezipa sauti nne: mwenye hoteli, afisa wa afya ya umma, mwalimu mstaafu na weita. Wenye sauti hizi ni wa kubuni. Hoja zao si za kubuni. Nimewakalisha Keroka, mji ulio mpakani, ambao kaunti mbili zimegombania ushuru wake kwa miaka, ili asiwepo wa kusema jambo hili ni la Kisii peke yake au la Nyamira peke yake.

Mwenye hoteli: Nianze mimi, maana ndimi niliyefungiwa. Machi 2020 tuliambiwa hakuna mteja kukaa, uza chakula cha kubeba tu. Sawa, daktari. Lakini mteja wangu ni nani? Ni mchuna chai aliyetoka shambani saa saba, ni makanga wa gari la Nairobi, ni mama aliyeshuka na mikungu ya ndizi. Hawa hawana ofisi ya kwenda kulia. Nikimfungia ugali na saga, ataulia wapi? Kwenye matatu, mvua inanyesha, madirisha yamefungwa, mabega yamegusana. Na mchuzi niutie kwenye nini? Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, na mkebe mmoja wa kubebea unameza faida yote ya sahani. Halafu Mei 2021 nikaona kampeni za uchaguzi mdogo wa Bonchari, watu wamejaa barabarani. Juni mosi sherehe za Madaraka zikafanyiwa Kisumu. Wiki mbili baadaye ndipo serikali ikanikumbuka mimi na sufuria zangu.

Afisa wa afya: Kuhusu kampeni, mama, sibishani nawe. Umesema kweli na iliniuma hata mimi. Lakini kosa la mwanasiasa halikusafishii chumba chako. Hospitali ya Rufaa ya Kisii inapokea wagonjwa wa kaunti zote mbili, pamoja na wanaotoka Migori na Transmara. Oksijeni ina kikomo, na wauguzi wana kikomo. Tukiona wagonjwa wanaongezeka kwa kasi, tunafunga kila tunachoweza kukifunga.

Mwalimu mstaafu: Hapo ndipo tulipokosana, daktari. Mlifunga kila mlichoweza kukifunga, hamkuuliza ni kipi hasa kinachoambukiza. Tarehe 27 Aprili 2020 hoteli zikaruhusiwa tena kwa masharti: watu wanne kwa kila mita 10 za mraba, mita moja na nusu kati ya wateja, bafe marufuku, wahudumu wapimwe, mteja apimwe joto mlangoni, kazi iishe saa kumi jioni. Nikawa naingia hoteli hiyo hiyo. Kijana wa mlangoni ananielekezea ile bunduki ya joto mkononi. Mkono uliotoka kwenye mvua ya Keroka utasoma nini isipokuwa baridi? Naandikwa kwenye daftari, natiliwa maji, naingia ndani nakuta madirisha yote yamefungwa, na redio imepandishwa hadi tunazungumza kwa kupayuka.

Nawakatiza hapa, kwa sababu mwalimu amegusa kiini cha jambo, na ushahidi wake ulikuwepo mapema kuliko wengi wetu tulivyodhani.

Tarehe 24 Januari 2020, familia moja iliyotoka Wuhan ilikula chakula cha mchana katika hoteli mjini Guangzhou, China. Ghorofa waliyokaa haikuwa na dirisha. Hewa ilizungushwa na kiyoyozi. Mmoja wao alikuwa ameambukizwa na hakuwa amejijua. Kushoto na kulia kwao kulikuwa na meza za familia mbili nyingine, kila moja umbali wa mita moja hivi. Walikaa pamoja kwa muda wa saa moja tu, ikipungua au kuzidi kidogo. Ilipofika tarehe 5 Februari, watu tisa wengine wa meza hizo tatu walikuwa wameugua. Wateja 73 waliobaki katika ghorofa hiyo, pamoja na wahudumu wanane, hawakupata kitu. Wachunguzi walipochora ramani ya hewa, waliona upepo wa kiyoyozi ulikuwa ukizunguka juu ya meza hizo tatu, ukienda na kurudi. Juni mwaka huohuo, mjini Jeonju, Korea Kusini, mteja mmoja wa hoteli aliambukizwa na mtu aliyekaa mita sita na nusu kutoka kwake, na walikuwa pamoja kwa dakika tano tu. Upepo wa mashine ulikuwa umeelekea kwake.

Kwa hiyo mita moja na nusu ilisaidia, lakini haikuwa kinga kamili mahali ambapo hewa haitoki. Mgonjwa anapozungumza, chembe ndogo mno hutoka kinywani na kuelea. Akipaza sauti, hutoka nyingi zaidi. Hazitui mezani upesi zikangoja kufutwa kwa kitambaa. Wataalamu wa taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, CDC, waliandika Aprili 2021 kwamba uwezekano wa kuambukizwa korona kwa kugusa sehemu yenye kirusi ni chini ya mara moja kwa kila mara 10,000. Nasi tulikuwa tumemaliza mwaka mzima tukipangusa meza na kunyunyizia pesa dawa, huku madirisha yamefungwa.

Naomba nieleweke vizuri. Maji ya kunawa yabaki mlangoni. Kipindupindu na homa ya matumbo havijatuaga, na ugali huliwa kwa mkono. Ninachosema ni kwamba ndoo yenye mfereji ilitupa utulivu wa moyo kuhusu ugonjwa ambao njia yake kuu ilikuwa nyingine.

Mwenye hoteli: Hizo mashine za Guangzhou mimi sina, mwalimu. Mimi nina mabati na mbao.

Afisa wa afya: Na ndiyo sababu hoteli yako inaweza kuwa salama kuliko ile kubwa yenye vioo na mapazia. Una nafasi kati ya ukuta na paa, hewa inapita. Una kivuli nje. Tatizo ni pale mvua inapoanza. Kisii iko juu, mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na mvua yake ya alasiri huja na baridi. Mteja anasema funga dirisha mama, na wewe unafunga.

Mwenye hoteli: Nisipofunga anaenda kwa jirani.

Afisa wa afya: Basi usifunge yote. Funga lile la upande wa mvua, uache la pili na mlango wa nyuma. Na sihitaji kukuletea mashine ya kupima hewa, jiko lako linatosha. Ukikaanga kitunguu jikoni na harufu yake bado imejaa chumba cha wateja baada ya muda mrefu, jua pumzi za watu nazo bado zimo. Moshi ukitoka, pumzi imetoka.

Mwalimu mstaafu: Umesahau chumba cha nyuma.

Amesema kweli, na sijui kwa nini masharti mengi ya wakati ule hayakukitaja chumba hicho. Hoteli nyingi za Kisii, Keroka, Nyamira mjini, Ogembo na Nyansiongo zina chumba cha nyuma. Hapo ndipo kamati za mazishi hukutana, na za harambee za bili za hospitali, na za mahari. Watu kumi na wawili, wengi wao wazee, huketi saa mbili au tatu, mlango umefungwa ili mipango isisikike na walio nje. Chai na mandazi vinaletwa, kila mtu anachangia kwa zamu na kwa sauti. Ukitaka kubuni mahali pa kusambazia kirusi kinachopita hewani, hutabuni pazuri zaidi ya hapo. Mchuna chai aliyekula matoke kwa dakika kumi na tano kwenye benchi la nje hakuwa katika hatari inayofanana na hiyo hata kidogo, lakini kafyu na masharti ya meza viliwapima wote kwa kipimo kimoja.

Mwenye hoteli: Unataka nikifunge? Kile chumba ndicho kinacholipa kodi ya nyumba.

Mwalimu mstaafu: Ugonjwa ukiwepo, kamati ikutane nje, chini ya mti au uani kwako, uwauzie chai hapohapo. Na mtu asiseme eti tukiachiana nafasi tumechukiana. Sisi Abagusii tuna mila ya heshima iitwayo ensoni. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, na hakuna aliyewahi kusema baba huyo hampendi mwanawe. Tumeishi na mipaka ya heshima tangu babu zetu. Tutashindwaje kuachiana nafasi mezani kwa miezi michache?

Afisa wa afya: Hata hivyo, mwalimu, nisiache ionekane kwamba dirisha linamaliza yote. Ugonjwa unapopanda kwa kasi, kula ndani ya hoteli ni hatari kuliko kutokula humo. Utafiti wa CDC wa Septemba 2020 uliwalinganisha waliopatikana na korona na wasiopatikana nayo, na wale wenye korona walikuwa na uwezekano wa mara mbili hivi wa kusema kwamba walikula hotelini siku 14 kabla ya kuugua. Uingereza Agosti 2020 serikali iliwalipia watu nusu ya bei ya chakula hotelini, Jumatatu hadi Jumatano, ili biashara zifufuke. Biashara zilifufuka, na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Warwick akakuta maambukizi nayo yaliongezeka palipokuwa na hoteli nyingi katika mpango huo. Kwa nini hoteli? Kwa sababu ndipo mahali ambapo barakoa lazima ivuliwe. Kanisani unaweza kuivaa, dukani unaweza kuivaa. Hapa huwezi.

Mwalimu mstaafu: Na kuna waliogeuza chakula kuwa kisingizio. Watu walikuwa wakiagiza soseji moja, wanaketi nayo kutwa nzima na chupa za pombe, hadi Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku pombe hotelini mwishoni mwa Julai 2020. Hapo sikumlaumu.

Weita alikuwa amesimama wakati huu wote. Nilimpa nafasi ya mwisho, na sasa naona alistahili ya kwanza.

Weita: Mama, naomba niseme, na usione kama nakukosea heshima mbele ya wageni. Mnazungumza habari za mteja tu. Mteja anakaa nusu saa anaenda zake. Mimi naingia saa kumi na moja alfajiri, natoka giza limeingia. Nainama kwenye kila meza, maana redio iko juu na sisikii oda. Kisha nageuka napiga kelele kuelekea jikoni: matoke mbili, ugali saga moja, chai tatu! Kama ninao, nimewapa wote. Kama wanao, wamenipa mimi. Hilo moja. La pili, nalipwa jioni kwa siku niliyofanya. Juni ile koo lilinikauka, mwili ukauma, nikavaa barakoa nikaja. Sikuja kwa ubaya. Nina mtoto, na nisipokuja siku mbili napata mwingine ameshika sinia yangu. Mliponipima joto nilikuwa tayari nimekunywa panadol njiani.

Mwenye hoteli: Mwanangu, hukuniambia.

Weita: Ningekuambia, mama, ungenilipa?

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike. Tulipima vipaji vya nyuso za wateja, tukahesabu mita, tukajaza madaftari ambayo sidhani kuna aliyeyafungua tena, na mtu aliyekuwa akipita karibu na kila mdomo humo ndani tukamwacha achague kati ya kunyamaza na kulala njaa. Mkono mtupu haulambwi. Hakuna kipima joto kinachoweza kushindana na hitaji la unga wa jioni.

Sheria haikumsahau kabisa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inasema mfanyakazi aliyetumika miezi miwili mfululizo ana haki ya siku zisizopungua saba za ugonjwa kwa malipo kamili, na saba nyingine kwa nusu ya malipo, katika kila miezi 12. Kifungu cha 37 kinasema kibarua anayefanya kazi mfululizo hadi kutimiza mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa kibarua. Weita wa Keroka aliyeshika sinia ileile mwaka mzima ana haki hizo zote. Hajaambiwa, na aliyemwajiri naye huenda hajaambiwa. Kinachokaguliwa ni cheti cha afya cha mshika chakula, kile kinachofanywa upya kila miezi sita baada ya kupimwa maabara. Cheti hicho kina maana yake kwa magonjwa ya tumbo. Hakiwezi kukueleza kama aliyenacho ameamka leo na homa.

Mwenye hoteli: Nikubali kwamba sheria ipo. Lakini niambieni pesa zatoka wapi. Wahudumu ni watatu. Mmoja akiugua siku saba, namlipa yeye na namlipa wa kushika nafasi yake. Leseni ya biashara nimelipa. Hapa Keroka kuna mwaka nimeulizwa risiti na watu wa kaunti zote mbili. Wakati wa kafyu ya saa moja, chakula cha jioni chote kilipotea, na cha jioni ndicho chenye nyama. Hakuna aliyekuja kuniuliza kama nimekula.

Afisa wa afya: Hilo ni la haki. Ofisi yetu inakuja na karatasi ya makosa. Haiji na msaada.

Mwalimu mstaafu: Basi mzigo usiwe wa mama peke yake. Kaunti inapotangaza hatari, ipunguze ada ya leseni kwa hoteli inayoonyesha kwamba imelipa siku za ugonjwa. Kina mama wa hoteli wana vyama vya kuweka na kukopeshana. Kila wiki watenge kidogo, fungu la mgonjwa, kama tunavyofanya kwa mazishi. Tunachanga kwa moyo kumzika mtu, tukasite kuchanga ili asiambukize wengine?

Weita: Na mteja pia. Ukiwa unakohoa, mzee wangu, nitumie mtu nikufungie. Usije ukakaa nami nusu saa kisha uniambie ni baridi tu.

Kuhusu chanjo waligusa kidogo tu, nami nitapita upesi. Shehena ya kwanza, zaidi kidogo ya dozi milioni moja, ilifika nchini tarehe 3 Machi 2021. Novemba mwaka huo Wizara ikasema kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba asiyechanjwa asiingie hotelini. Mahakama Kuu ikasimamisha amri hiyo kabla haijaanza. Mwalimu aliona mahakama imekosea, weita akauliza ni nani angemfukuza mteja asiye na cheti, yeye au askari. Mimi naungana na weita. Chanjo ni ya kuhimizwa kwa nguvu zote, lakini kumpa msichana anayelipwa kwa siku kazi ya kukagua vyeti mlangoni ni kumwongezea mzigo mwingine bila malipo.

Msimamo wangu ni huu. Hoteli zetu hazikustahili kufungwa kama zilivyofungwa Machi 2020, wala hazikustahili kuachiwa zifanye zilivyofanya kabla ya Juni 2021. Palipokuwa na benchi la nje na dirisha wazi, watu wangeweza kula na kuondoka. Vyumba vya nyuma vilipaswa kufungwa mapema sana, miezi kabla ya ibada na masoko. Redio ilipaswa kuteremshwa. Ni jambo dogo lisilogharimu shilingi, na sikumbuki amri hata moja iliyolitaja. Na weita mgonjwa alipaswa kulala nyumbani akijua kwamba jioni kuna kitu kitaingia kwenye simu yake. Bila hilo la mwisho mengine yote yana tundu, na naliweka mbele ya dirisha lenyewe.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura ya korona imekwisha. Kwa hiyo tuna nafasi ya kuyapanga haya bila ving'ora. Waheshimiwa wa mabunge ya kaunti za Kisii na Nyamira, andikeni punguzo la leseni kwa anayelipa siku za ugonjwa, na muanze na Keroka, mkubaliane kwanza ni nani anayekusanya ushuru wa pale. Watu wa afya, mnapokuja kukagua vyeti na vyoo, kagueni na madirisha, mumsomee mwenye hoteli kifungu cha 30 kwa lugha anayoielewa. Nawe msomaji, siku ukiingia hotelini na kifua kinakubana, agiza ufungiwe, ulipe, utoke nje. Ukiwa mzima, kaa karibu na mlango, na ukimwona anayekuhudumia anatetemeka kwa homa, usimpigie kelele. Muulize mwenye hoteli kama binti huyo atalipwa akienda kulala.